Kiapo cha Fundi Mfaume

Wiki mbili zilizopita nilikabidhi funguo za kabati la dawa, na madresa vijana, wauguzi wenzangu wa dispensari, wamenibana niwaandikie tulivyofanya kazi sisi wa zamani. Nikawauliza, mnataka niandike nini hasa? Wakasema, lolote tu. Hilo si neno la kumwambia mzee asiye na kazi. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara sitautaja kwa sababu hiyohiyo.

Nilianzia Kisarawe, wakati wa Mwingereza, vita ya pili ikiwa bado haijafika. Nilikuwa na cheti cha darasa la nne na kanzu moja ya maana. Nilidhani siku ya kwanza nitavishwa koti jeupe na kukalishwa mbele ya wagonjwa. Nikapewa debe la bandeji zilizotumika. Siku hizo bandeji haikutupwa: ilifuliwa, ikachemshwa, ikaanikwa uani, kisha ikakunjwa upya kwa mkono mpaka ikawa ngumu. Nilifanya hivyo mwezi mzima bila kuona kidonda. Katika wiki ya pili mbuzi wa jirani alikula bandeji tatu, na mimi nikaandikiwa barua ya onyo. Mbuzi hakuandikiwa.

Aliyenipa lile debe ni Bwana Yohana, dresa mkubwa, Mzaramo wa Maneromango na Mlutheri wa kweli kweli. Kazi alijifunzia kwenye vita ya kwanza, akibeba machela za majeruhi, kwanza za Wajerumani na baadaye za Waingereza, na alikuwa akisema kwamba wote walikuwa wazito sawasawa. Hakuwa mtu wa maneno. Ukikosea alikuwa anakutazama tu, halafu anarudia ile kazi yeye mwenyewe mbele yako, polepole, mpaka unatamani ardhi ipasuke.

Baada ya miaka miwili tukahamishwa wote wawili kwenda dispensari ndogo upande wa Janga. Ilikuwa na chumba kimoja, ukumbi, na jiko la nyuma la kuchemshia vyombo. Tulikuwa na vibano viwili, mkasi mmoja, mabakuli ya enameli, gilasi ya kupimia dawa, aidini, kwinini, na chumvi ya haluli ya kutosha kuharisha wilaya nzima. Tulikuwa pia na chupa moja nyeusi ambayo Bwana Daktari wa wilaya aliiacha kwa ajili ya mgonjwa wa akili aliyekuwa aletwe kutoka Gwata. Mgonjwa hakuletwa, chupa ikabaki. Jina lake la kizungu lilikuwa refu, sisi tukaiita dawa ya usingizi. Ilikuwa kali, inaunguza koo, na mtu akiinywa pumzi yake inanuka siku nzima, harufu inayopanda puani na kukutoa machozi.

Mlango wa dispensari ulikuwa umelegea, ndipo tukamwita Fundi Mfaume. Alikuwa seremala wa pale, mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye mkono mzuri sana. Alifika asubuhi, nikamwamkia, akaitikia vizuri. Lakini msumari ulimshinda. Mikono ilikuwa inamtetemeka hata nyundo ikapiga mbao pembeni mara tatu. Akasema amesahau kitu nyumbani, akaondoka. Alirudi baada ya muda mfupi akinuka tembo la mnazi, akashika nyundo, na mlango ule aliutia bawaba ukanyooka kabisa.

Bwana Yohana akaniuliza, "Umeona?"

"Nimeona mlevi," nikasema. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilikuwa najua kila kitu.

"Mlevi unayemjua wewe anatetemeka akishakunywa. Huyu anatetemeka asipokunywa. Hao ni watu wawili tofauti."

Sikuelewa. Kwangu mimi ulevi ulikuwa ni kukosa haya, na dawa yake ni kuaibishwa. Watu wote wa pale walikuwa na rai hiyohiyo, na walikuwa wakimpa Mfaume dozi kila siku.

Aibu kubwa ilikuja alipofariki mkwewe. Kwetu fundi wa kijiji ndiye anayekata mbao za kufunikia mwanandani, zile zinazowekwa juu ya maiti kabla ya udongo. Siku hiyo kaburi limechimbwa, maiti ameshaswaliwa, watu wamesimama, mbao hakuna. Mfaume alikuwa amelala nyuma ya kilabu na msumeno wake kichwani kama mto. Mwisho wakang'oa mlango wa banda la mbuzi, wakaupasua, mzee akazikwa nao. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa Sefu, karani wa jumbe, mtu mwenye kalamu mbili mfukoni. Dada yake Sefu, Mwanahawa, ndiye alikuwa mke wa Mfaume. Sefu alimwambia dada yake, mbele ya watu, "Huyo uliyenaye si mume, ni kibuyu."

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Mfaume akasimama mwenyewe mbele ya Mwalimu Shomari, mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Akasema maneno ambayo kila mtu aliyasikia: "Nikionja tembo tena, au kileo chochote, Mwanahawa ameachika talaka tatu." Wazee wakaitikia. Nami nilikuwepo nikaitikia, tena kwa sauti. Niliona sasa mambo yamekwisha. Mwanahawa alikuwa nyumbani anatwanga, wala hakuna aliyemuuliza. Talaka tatu, kama mjuavyo, si mchezo: mke harudi tena kwa mume yule mpaka aolewe kwanza na mwingine, na ndoa hiyo nayo iwe imekwisha.

Jumapili asubuhi wakamleta dispensari juu ya kitanda cha kamba. Alianguka kazini kwake akajipigapiga, akauma ulimi, na sasa alikuwa akipangusa mikononi siafu ambao sisi wengine hatukuwaona. Waliombeba walikuwa na jibu tayari: kiapo kimemkamata. Ameapa, ameonja kwa siri, na kiapo hakikuchelewa. Nikasadiki. Nikafungua daftari la wagonjwa, na chini ya safu ya ugonjwa nikaandika kwa mwandiko mzuri: Ulevi. Bwana Yohana alikuwa bado hajafika hata kitandani.

Yeye alimgeukia Mwanahawa. "Mama, amekunywa lini mara ya mwisho?"

"Alhamisi jioni. Toka hapo hajagusa, Bwana Yohana. Sijambandua machoni hata akienda msalani. Wanasema ameonja, ameonjea wapi? Kwenye mdomo wangu?"

Alikuwa analia na kutukana kwa pamoja. Bwana Yohana akamwamini hapohapo. Akanivuta uani. Akaniambia kwamba amewaona watu wa namna hii boma la Kisarawe, mahabusu waliozoea kunywa kila siku. Wakifungiwa ghafla, siku ya pili ya tatu wanaanguka, wanapigana na wadudu wasiokuwepo, na wengine hufa. Mwili umezoeshwa, ukinyimwa kwa mara moja unafanya fujo. Kwa hiyo Mfaume hakuumwa kwa kuvunja kiapo. Aliumwa kwa kukitimiza.

"Sasa dawa yake?" nikauliza.

"Tembo. Kidogo kidogo, unapima kwa gilasi, kila siku unapunguza."

Tukatazamana.

"Nikimpa, mke ameachika," akasema Bwana Yohana. "Nisipompa, mke huenda akawa mjane. Kote kote Mwanahawa hana mume."

Ndipo alipokumbuka ile chupa nyeusi. Haikuwa kileo, na ilikuwa inatuliza fujo za namna hiyo. Tukampimia, tukamshika pua, akameza huku akitulaani. Baada ya muda siafu wakapungua, akalala. Tukarudia dozi kama mara tatu mpaka Jumatatu, na Jumatatu hiyo aliamka akamtambua mkewe na kuomba uji. Mwanahawa alicheka kwa sauti, dispensari nzima ikageuka.

Bahati mbaya aliyeingia wakati huo alikuwa Sefu. Akainama kumjulia hali shemeji yake, pumzi ya shemeji ikampata usoni. Akanyooka. Akaenda mezani, akafungua daftari langu, akasoma. Alisoma vizuri sana, ndiyo kazi yake. Akasema, "Serikali yenyewe imeandika," akamwambia dada yake akafunge vyombo.

Mkisoma haya mkumbuke jambo moja la kazi: usiandike ugonjwa kabla hujamsikiliza mgonjwa. Wino wangu ulikuwa unataka kuvunja nyumba ya watu.

Shauri likasikilizwa siku ya pili yake barazani kwa Mwalimu Shomari, baada ya alasiri. Wazee kama kumi. Mwanahawa alikaa ndani, nyuma ya mlango, na furushi lake miguuni. Nilisema yote: kwamba niliandika kwa haraka, kwamba harufu ile ni ya dawa. Sefu akasema, "Dresa anajitetea. Dawa gani inayonuka kama kilabu?" Bwana Yohana nilimkuta amekaa pembeni kabisa. Nilipomtazama anisaidie, akasema, "Mimi Mlutheri, na tembo nalijua. Ushahidi wangu hapa hautafika popote." Kisha akatoa ile chupa mfukoni, na gilasi, akaviweka mbele yangu.

Nikaelewa ninachotakiwa kufanya, na sikupenda. Nilikuwa sijawahi kuonja kitu cha kulevya tangu nizaliwe. Nikamwendea Mwalimu, nikamwomba aninuse kinywa. Akaninusa, akasema hakuna kitu. Nikajipimia dozi kamili mbele yao, nikanywa. Ilishuka kama moto wa pilipili. Mwalimu akangoja kidogo, akaninusa tena, akarudi nyuma akifuta macho. Akamwita Sefu naye anuse. Sefu alinusa kwa hamu, na wanasema alikohoa mpaka kalamu zikamdondoka.

Hukumu yenyewe sikuisikia, kwa sababu nilikuwa nimelala. Nililala begani kwa mzee mmoja wa Misugusugu aliyekuja kwa mambo yake mengine kabisa. Nilipoamka niliambiwa kiapo kizima, ndoa nzima, na Mwanahawa amesharudi kwake na furushi. Yule mzee alinidai radhi kwa kuwa nilikuwa nimemtia udenda kwenye kanzu.

Laiti ningekuwa nimestaafu siku ile, ningewaandikia kwamba niliponya mtu. Mfaume alikaa miezi minane bila tembo. Alinenepa. Watu wakaanza kumpa kazi. Siku aliyomaliza milango ya shule, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, alikuwa akirudi kwa miguu kupitia Misugusugu, akapita kilabuni. Hakuwa na huzuni yoyote, aliniambia mwenyewe. Alikuwa na furaha, na furaha ilimwambia anastahili kata moja ya tembo. Akanywa tatu.

Alikuja dispensari asubuhi yake. Nikasema, "Shikamoo, Fundi." Hakuitikia. Akakaa kwenye benchi alilolitengeneza yeye, akasema, "Nimekunywa, Dresa."

Nilihisi kama amenipiga. Nikafikiria furushi la Mwanahawa, nikafikiria Sefu, na nikubali wazi, nilijifikiria na mimi mwenyewe niliyelala barazani kwa ajili yake. Nikamuuliza nani kamwona. Akasema kule hajulikani.

"Basi nenda nyumbani," nikamwambia. "Usiseme kitu. Usirudie tu."

Akaondoka. Bwana Yohana alikuwa anakunja bandeji nyuma yangu, amesikia yote. Akasema, "Umempa siri aibebe peke yake. Mtu kama yule akiwa na kitu asichotaka kukiona, unadhani atafanya nini?"

Alifanya hivyohivyo. Kila alipomtazama mkewe alijua wanaishi kinyume cha sheria, na kila alipojua hilo alikuwa anakwenda Misugusugu kulisahau. Siku kumi na moja baadaye alimwambia Mwanahawa mwenyewe, saa nne ya asubuhi, wakiwa wanapepeta mpunga. Akamwambia pia kwamba Dresa ndiye aliyemshauri anyamaze.

Mwanahawa alikuja dispensari na furushi lilelile, njiani kwenda kwa kaka yake. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Siku ile ulikunywa dawa mbele ya wanaume kumi ili waamini ninalosema," akaniambia. "Mimi nikasema, kumbe yupo mtu. Kumbe ulikuwa unajifunza tu namna ya kunidanganya."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena kazini, na nimewahi kuchoma sindano kwenye godoro mbele ya Bwana Daktari.

Watu wote wakasema sasa Mfaume atakunywa mpaka azikwe. Bwana Yohana alisema sasa tunaweza kumtibu. Kiapo kilikuwa kimekwisha, hakikuwa na cha kuzuia tena. Alimlaza kwenye chumba cha nyuma, akanunua tembo yeye mwenyewe, yule Mlutheri, akawa anampimia kwa gilasi ya dispensari: asubuhi, adhuhuri, jioni, na kila siku gilasi inapungua. Alimpa na uji, na maji mengi, na kazi ya kunyoosha misumari iliyopinda. Bwana Daktari alipita katikati ya wiki, akanusa hewa, akauliza ile ni nini. Bwana Yohana akajibu, "Dawa ya kutuliza, Bwana. Tunaitengeneza hapahapa." Siku ya tisa gilasi ilikuwa tupu, na Mfaume hakuanguka.

Kumtoa tembo mwilini kulichukua siku nane. Yaliyofuata yalichukua miaka, na hayo ndiyo ninayotaka myaelewe, kwa maana wengi wenu mnadhani mgonjwa akitoka kitandani kazi imekwisha. Bwana Yohana hakumhubiria hata mara moja. Alimhamishia benchi lake la useremala uani kwetu, mbali na njia ya kilabu. Kila asubuhi kabla ya kumpa mgonjwa yeyote dawa alikuwa anakwenda kukaa naye kidogo. Mara mbili Mfaume alianguka tena, mara moja wakati wa Idi na mara moja bila sababu yoyote. Mara zote mbili alikuja mwenyewe akasema, na mara zote mbili Bwana Yohana alichukua gilasi akaanza upya, bila hata kukunja uso. Mimi nilikuwa nikikunja uso kwa niaba yake. Baada ya hapo Mfaume hakuanguka tena kwa muda mrefu. Alitutengenezea magongo ya vilema, mbao za kufungia mifupa, na rafu. Mbao za mwanandani zilikuwa zikikaa tayari daima, zimeegemezwa ukutani, kitu ambacho wagonjwa hawakukipenda.

Mwanahawa aliolewa Gwata na mkulima mtu mzima, mwema, aliyefariki kwa kifua katika mwaka wa nne. Eda ilipokwisha, Mfaume akavaa kanzu akanifuata. Alikuwa ameanza mvi. Akasema anataka kupeleka posa, na anataka mimi niende naye. Nikamwambia kwamba mimi ndiye mtu wa mwisho ambaye Mwanahawa anataka kumwona. Akasema, "Ndiyo maana. Twende tukaaibike wote."

Tulikaa barazani palepale kwa Mwalimu Shomari. Sefu alikuwa walii, mwenye kumwozesha dada yake, na kalamu zake. Akasema hana pingamizi, dada amekubali, ila sharti ni moja. Akaleta msahafu, akauweka mbele ya Mfaume. "Aape," akasema. "Aape hatakunywa tena maisha yake, nasi tufungishe."

Mfaume alitazama ule msahafu, akaketi vizuri, akaweka mikono yake chini ya mapaja.

"Siapi," akasema.

Nikamfinya, hakunitazama. Sefu akasema, "Mwaona? Anajua atakunywa!"

"Sijui," akasema Mfaume. "Nikijua nitakwambia. Niliapa siku moja kwa mke wangu, mtu mzima, bila kumuuliza, na nikamtoa nyumbani kwake kwa kata tatu za tembo. Siapi tena."

Mwalimu Shomari akamgeukia. Alikuwa mzee sana sasa. "Leo umekunywa?" akamuuliza.

"Leo sijanywa."

"Na kesho?"

"Kesho sijaiona, Mwalimu."

Sefu alikwisha kuanza kukusanya karatasi zake. Ndipo sauti ya Mwanahawa ikatoka nyuma ya mlango, ya ukali kama siku zote, na safari hii alikuwa ameulizwa.

"Kaka, kaa chini. Huyo ndiye ninayemtaka. Yule aliyeapa mpelekee mwingine."